Unafanya nini? Mwongozo kamili wa kuendesha mchezo wa njozi mezani kwa watoto na vijana

Jahazi limetia nanga kwenye kisiwa kisicho na jina. Mapipa ya maji ni matupu, na kisima pekee cha kisiwa kinalindwa na zimwi. Nimewaeleza hayo wachezaji wangu wanne waliokaa mkekani, kisha nikauliza: "Mnafanya nini?" Wavulana wawili wameshashika dadu, wanataka vita. Binti wa miaka 11 akainua mkono. "Mjomba, mimi namuuliza zimwi amekula nini leo."

Jibu sikuwa nalo. Nikatoa la kwanza lililonijia: hajala siku ya tatu sasa, jino linamuuma, na maji baridi ya kisima ndiyo yanayomtuliza. Nusu saa nzima ikaishia hapo. Walichukua henza, ile kamba ya kupandishia tanga, wakaifunga kwenye jino, wakamwambia zimwi ahesabu hadi kumi, nao wakavuta alipofika saba. Maji wakapata, na zimwi likawa rafiki yao kwa vikao vyote vilivyofuata.

Ufundi wote wa mchezo huu umo katika swali lile na namna unavyoliheshimu jibu lake. Mtoto anatumia siku nzima kuambiwa: kaa, soma, oga, nyamaza. Hapa mtu mzima anamuuliza anataka kufanya nini, anamsikiliza, na dunia nzima ya hadithi inageuka kwa sababu ya alichosema. Mengine nitakayoeleza, dadu, karatasi, ramani, yapo ili kulinda jambo hilo moja.

Mchezo wenyewe ni upi

Kwa ambaye hajawahi kuuona: kila mchezaji ana mhusika wake, na mmoja wenu ni msimulizi. Msimulizi anaeleza mahali na tukio, wachezaji wanasema wahusika wao wanafanya nini, na pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu zinaamua. Mikutano kadhaa inayofuatana, yenye wahusika walewale na hadithi inayoendelea, huitwa kampeni. Waliosoma fasihi simulizi watasema msimulizi ni fanani, yule msanii anayesimulia mbele ya hadhira. Sawa, ila hapa hadhira nayo ni fanani, na hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa ni Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Unatumia dadu ya pande 20 pamoja na nyingine za maumbo mbalimbali. Tangu Januari 2023 sehemu kubwa ya kanuni zake za msingi imetolewa kwa leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo mtu anaweza kuzitafsiri na kuzitumia mradi ataje chanzo. Vijana wa miaka 14 kwenda juu wanaozimudu kanuni ndefu za Kiingereza watazifurahia. Lakini kwa watoto, na kwa msimulizi anayeanza, nashauri kanuni fupi nitakazozitoa hapa chini. Zinatosha kampeni nzima, na dadu mbili za ludo mnazo nyumbani.

Hatua ya kwanza: wazazi, mahali, na saa

Usianze na watoto, anza na wazazi wao. Kwetu neno uchawi si neno la mchezo. Mzazi akimsikia mwanawe anasema "leo nilimroga mtu", umeshampoteza mtoto huyo, na mzazi hana kosa. Hofu hiyo si ya kwetu peke yetu: Marekani yenyewe, miaka ya 1980, palikuwa na wazazi na makanisa waliopinga vikali mchezo huu. Mimi nimeliondoa neno hilo kabisa. Wahusika wangu wana nguvu za hadithi: mmoja anaelewa lugha ya ndege, mwingine upepo unamtii, mwingine anaweza kupita gizani bila taa. Ni mambo yaleyale wanayoyasikia kwenye ngano za sungura na mazimwi, na hakuna mzazi aliyewahi kunilalamikia. Waalike wakae wasikilize kikao kizima. Mara nyingi mama mmoja huishia kuwashauri wachezaji wapitie mlango gani.

Chezeni mahali pa wazi: barazani, uani, au darasani milango ikiwa wazi, na awepo mtu mzima wa pili karibu. Taarifa za kikao ziende kwa wazazi, usimtumie mtoto ujumbe wa faragha. Hili halina mjadala.

Wachezaji wanne ndio idadi nzuri. Watano inawezekana, lakini kwa sita mtoto mmoja lazima atasahaulika. Muda nao hufuata umri: miaka 7 hadi 9 wape dakika 45, labda saa nzima wakiwa wamechangamka, 10 hadi 12, saa moja na nusu, vijana wa 13 kwenda juu wanaweza saa mbili au tatu zenye mapumziko ya chai. Simamisha wakiwa bado wanataka kuendelea.

Panga kampeni kwa muhula, vikao vinane hadi kumi. Hapa Tanzania darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, na kidato cha nne Novemba, kwa hiyo hadithi yenye watahiniwa iishe kabla ya hapo. Kumbuka pia vipindi vya madrasa na kanisani. Kwetu Jumamosi asubuhi huwa haina mgongano na mtu, na mwezi wa Ramadhani tunapumzika.

Hatua ya pili: vifaa

Dadu mbili za ludo. Sinia, maana dadu zote zinatupwa ndani ya sinia mbele ya kila mtu, na ugomvi wa "imegonga mguu wangu" unakwisha siku hiyohiyo. Daftari la hesabu la miraba kwa ajili ya ramani. Maharage makavu ya kuhesabia uhai, vizibo vya soda vya kuonyesha nani amesimama wapi, penseli, na simbi moja, lile gamba dogo la baharini. Kazi ya simbi nitaieleza.

Hatua ya tatu: kikao cha sifuri

Kabla ya hadithi kuanza, kutaneni mara moja kwa ajili ya mapatano na wahusika tu. Waulize watoto mambo mawili: wanataka hadithi yetu iwe na nini, na isiwe na nini. Mmoja atasema hataki nyoka. Mwingine hataki mtu afiwe na mama. Andika, na usiulize kwa nini. Chora alama ya X kwenye kadi, iweke katikati ya mkeka, uwaambie yeyote akiigusa tunaruka tukio hilo bila maswali. Kifaa hiki kilibuniwa na John Stavropoulos, na kimeenea kwa wachezaji wa rika zote. Mwaka mzima kadi yangu iliguswa mara mbili. Mara zote mbili nisingejua kama isingekuwapo, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa anacheka pamoja na wenzake.

Baada ya hapo ni wahusika. Kila karatasi ina jina, kazi, nguvu moja ya kipekee, kitu kimoja anachokitaka sana, na mtu mmoja anayempenda. Hivyo viwili vya mwisho ndivyo vitakavyokulisha wewe msimulizi. "Anamtafuta kaka yake aliyepanda jahazi na hakurudi" ni kampeni nusu tayari.

Kisha sifa nne: Mwili, Wepesi, Akili na Ulimi. Mchezaji anagawa +2, +1, +1 na 0 anavyopenda. Kila mhusika anaanza na maharage matano ya uhai. Karatasi imekwisha. Mtoto wa miaka minane anaijaza kwa dakika 20, na zaidi ya nusu ya muda huo atakuwa anachora upanga.

Hatua ya nne: kanuni ya dadu

Mhusika anapojaribu jambo gumu, mchezaji anatupa dadu mbili, anajumlisha, na kuongeza sifa inayohusika.

10 au zaidi: amefanikiwa kama alivyotaka.
7 hadi 9: amefanikiwa, lakini kuna gharama.
6 au chini: mambo yanakwenda mrama.

Madaraja haya matatu yalienezwa na mchezo uitwao Apocalypse World wa mwaka 2010, na michezo mingi imeyaiga tangu hapo. Mchezo wenyewe ni wa watu wazima, usiuweke mbele ya watoto, ila hesabu yake ni ya thamani. Dadu mbili zina matokeo 36. Bila nyongeza, matokeo 6 yanaleta ushindi kamili, 15 yanaleta ushindi wenye gharama, na 15 yanakwenda mrama. Ukiwa na +1 yanakuwa 10, 16 na 10. Ukiwa na +2 yanakuwa 15, 15 na 6. Kwa maneno mengine, mwenye +2 anapata alau kitu mara 30 katika 36, lakini nusu ya hizo atalipia. Watoto wakubwa wanapenda kuyahesabu haya wenyewe kwenye daftari, waachie.

Zingatia mambo mawili. La kwanza, usitupishe dadu kwa kila kitu. Kupanda ngazi hakuhitaji dadu, wala kumwamkia mzee. Dadu zinatupwa pale tu ambapo kushindwa kunawezekana na kutazaa jambo.

La pili ndilo zito: matokeo mabaya yasifunge hadithi. Mtoto anataka kupanda mlingoti aone nchi kavu, anatupa, anapata 5. Ukisema "umeshindwa", umemwambia akae kimya. Sema: "Umefika juu, unaona nchi kavu kabisa. Ila uzito wako umekata kamba. Tanga linaporomoka, na nahodha yuko chini yake. Mnafanya nini?" Sasa wote wanne wamesimama. Dadu mbaya imeleta tukio bora kuliko ambalo dadu nzuri ingeleta.

Hatua ya tano: kuandaa kikao

Kwa kampeni yangu ya kwanza niliandika kurasa 14. Jumba la mfalme, majina ya walinzi, hotuba ya waziri neno kwa neno. Watoto walishuka bandarini, wakaona mbuzi amefungwa juani bila maji, na saa nzima ikaenda kumtafuta mwenye mbuzi. Nikawa nawasukuma kuelekea jumba la mfalme, wakawa wanapoa mmoja mmoja. Mwisho wa kikao mtoto mmoja aliniuliza kama wiki ijayo wataruhusiwa kurudi kwa mbuzi. Neno "kuruhusiwa" liliniuma, na tangu siku hiyo siandai hadithi, naandaa mahali.

Ukurasa mmoja unatosha. Andika tatizo moja linaloendelea hata wachezaji wasipofanya lolote: maji ya kisiwa yanakauka, pepo za kusi zitaanza siku kumi zijazo na jahazi halijapata shehena. Andika sehemu tatu za kwenda, kila moja na kitu kimoja cha kuona, kimoja cha kunusa na kimoja cha kugusa. Andika watu watatu wanaotaka vitu vinavyogongana, kila mmoja na tabia moja unayoweza kuiigiza: huyu anajikuna sikio, huyu hamalizi sentensi. Mwisho andika majina kumi ya ziada, kwa sababu watoto watamuuliza jina muuza kahawa, na ukisita tu wameshajua hana maana.

Mambo ya kuazima yametujaa. Mimi niko Tanga, na mtoto aliyewahi kuingia mapango ya Amboni hahitaji kuelezwa giza la pango likoje. Magofu ya Gedi kule Watamu, au Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yanakupa mji mzima uliohamwa, wenye visima na kuta za matumbawe. Wa bara ana mlima wake na ziwa lake. Kaskazi na kusi zinakupa kalenda: upepo mmoja wa kwenda, mwingine wa kurudi, na asiyewahi atalala ugenini miezi. Tumia visa vya mapokeo pia, lakini badilisha mwisho. Wakishaujua mwisho hawana cha kuamua.

Hatua ya sita: kuendesha

Anza kwa mwito uleule kila mara, ili akili zao zivuke. Kwangu: "Hadithi, hadithi!" nao "Hadithi njoo!" Kisha mtoto mmoja, si wewe, asimulie tulipoishia. Utashangaa wanayoyakumbuka, na utajua ni lipi la kurudisha.

Eleza kwa sentensi tatu au nne tu, halafu uliza. Msimulizi anayesema dakika tano mfululizo amegeuka redio. Na uliza kwa jina la mhusika, mmoja mmoja, badala ya kuuliza kundi, maana kundi likiulizwa anajibu mwenye sauti kubwa.

Hapo ndipo simbi inapofanya kazi. Mwenye simbi ndiye anayesema. Akimaliza anampa mwenzake amtakaye, lakini hairudi kwake mpaka wote waishike. Mwenye papara anajifunza kusubiri bila kukaripiwa, na kumpa kazi ya kuchora ramani humsaidia mikono itulie. Mtoto mkimya usimwulize swali pana. Mpe mlango wa kulia na wa kushoto. Muulize mhusika wake anasikia harufu gani. Akisema "sijui", mwambie atazame kwanza, tutarudi kwake, na urudi kweli. Nilikuwa na mvulana aliyekaa vikao vitatu bila kusema zaidi ya "namfuata dada". Kikao cha nne zimwi lilipowauliza nani kiongozi wao, alisema "mimi", na hakuna aliyembishia.

Vita, acha viwe vifupi. Mpe adui maharage yake: mnyang'anyi mawili, zimwi sita. Shambulio la 10 au zaidi linaondoa mawili, la 7 hadi 9 linaondoa moja na mshambuliaji anapoteza moja. Na adui awe na anachokitaka, kwa sababu anayetaka kitu anaweza kukimbia, kujadiliana, au kulia. Asiyetaka lolote ila kuua atawachosha kwenye raundi ya tatu.

Maharage yakiisha, mhusika wa mtoto wa chini ya miaka 12 asife. Azimie, na mtoto achague gharama yake: kupoteza upanga, kovu usoni, au deni kwa aliyemwokoa. Vijana waamue wenyewe kwenye kikao cha sifuri kama kifo kipo. Wakisema kipo, kiheshimu. Kikitokea, mpe mchezaji nafasi aseme maneno ya mwisho ya mhusika, na kikao kiishie hapo hata kama muda umebaki.

Vijana ni jambo jingine

Mtoto wa miaka tisa anataka kuona kuna nini nyuma ya mlango. Wa miaka 15 anataka kujua nani aliufunga na kwa haki gani. Wape miji yenye sheria mbovu, watu wema wanaokosea, ahadi mbili zisizotimilika pamoja. Watakujaribu pia: mmoja atamwibia mwenzake, mwingine atatesa mateka ili aone utafanya nini. Usihubiri. Simamisha, uliza mezani, "Hii ndiyo hadithi tunayoitaka?", na mara nyingi wenzake watamjibu kabla yako. Sheria zangu za kudumu ni mbili: hakuna kumsaliti mchezaji mwenzako bila yeye kukubali, na mapenzi hayapiti "walipendana". Simu zinakaa kwenye kikapu, ya kwangu ikiwa juu.

Kufunga kampeni, na msimulizi anayefuata

Kila kikao kikiisha, andika mistari mitano kwenye daftari la safari: walikwenda wapi, walimuahidi nani, nani ana kinyongo nao. Ifikapo kikao cha sita acha kuongeza watu wapya. Rudisha wa zamani. Kikao cha mwisho kijibu kile kitu ambacho kila mhusika alikitaka sana kwenye karatasi yake, hata kama jibu ni kwamba kaka yupo ila hataki kurudi. Dakika kumi za mwisho waachie wao: kila mmoja aseme mhusika wake yuko wapi mwaka mmoja baadaye. Usimrekebishe mtu.

Muhula unaofuata utakuta mmoja, mara nyingi wa miaka 14 au 15, anakuja mapema kukusaidia kutandika mkeka na kukuuliza zimwi ulilitoa wapi. Huyo mpe kwanza tukio moja ndani ya mchezo wako, amwigize muuza kahawa. Halafu mpe wadogo watatu na dakika 45. Usikae mkekani. Kaa mlango wa jikoni, mahali unaposikia lakini wao hawawezi kukutazama kutafuta jibu. Akikwama kwenye kanuni aamue yeye na kuendelea. Mtalizungumza wadogo wakishaondoka, mkikusanya maharage.